Jeli yangu inavimba asubuhi, mchana inanywea yenyewe. Wenye kemia naomba msaada

#1 MpishiWaJeli

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, nipo Dar, chuo nakihifadhi. Utafiti wangu unahusu hidrojeli zinazoitikia joto, hasa ile ya poli-N-isopropilakrilamaidi, ambayo kuanzia hapa nitaiita PNIPAM ili vidole visichoke.

Kwa asiyeijua: hidrojeli ni wavu wa nyuzi za polima (molekuli ndefu kama minyororo) unaokunywa maji bila wenyewe kuyeyuka. Hii ya kwangu ina kituko chake. Kwenye maji ya baridi inavimba na kuwa angavu kama kioo. Ikivuka nyuzi 32 hivi za Selsiasi inatema maji, inanywea na kugeuka nyeupe. Ukiipoza inarudi ilivyokuwa. (Ndiyo, huu ni uzi kuhusu nyuzi zinazobadilika kwenye nyuzi 32. Wenzangu wameshanicheka, msijisumbue.)

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Unapima kipande kikiwa kikavu, unakiloweka, unakitoa, unakifuta maji ya juu, unapima tena. Uzito wa maji kilichokunywa unaugawanya kwa uzito wake mkavu, unapata uwiano wa kuvimba.

Sasa tatizo. Jumanne nilikuwa na kipande chembamba, unene wa milimita 2, uzito mkavu gramu 0.062. Kililala majini usiku kucha. Saa mbili asubuhi nikakipima: gramu 0.94, yaani uwiano wa 14. Nikakirudisha majini, nikaenda kusimamia mazoezi ya mwaka wa kwanza. Narudi saa nane mchana, gramu 0.31. Uwiano wa 4! Sijakipasha, sijakigusa. Jumatano nikarudia, yale yale.

Halafu kuna kipande kinene cha milimita 8. Hiki nilikitumbukiza makusudi kwenye maji ya nyuzi 45 ili kinywee. Kikawa cheupe kwa nje, lakini nilipokikata katikati bado ni kioo, na juu kimetoka malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa chai. Saa tatu zimepita uzito wake haujashuka kiasi cha maana.

Msimamizi anasema ama mizani yangu ni mbovu ama mkono wangu ni mbovu. Naomba msaada kabla sijachagua.

#2 BabaPacha

Naweka kigoda hapa nisubiri wataalamu. Ila swali la uelewa mkuu: hii si ndiyo ile iliyomo kwenye pampers? Nina mapacha, mzigo ninao wa kutosha.

#3 KemiaNaChai

Niko Nairobi, nimewahi kuigusa PNIPAM nikiwa chuo. Yetu ilikaa juu ya meza muhula mzima, ikavimba, ikatulia tuli. Haikuwahi kunywea bila kupashwa. Hebu sema, hapo maabara kuna joto kiasi gani?

#4 MpishiWaJeli

Joto la kawaida la chumba tu mkuu. Kiyoyozi kilikufa tangu Novemba, lakini madirisha tunafungua.

#5 MamaMizani

"Joto la kawaida la chumba" la nani, mwanangu?

Mizani yako nzima na mkono wako mzima. Hayo maneno matano ndiyo yaliyokuponza. Waliyaandika watu ambao chumba chao kina nyuzi 20 hadi 25. Kwao jeli ikiwekwa juu ya meza iko salama upande wa baridi, chini ya mpito (zile nyuzi 32) kwa nyuzi saba na zaidi, na mwandishi hana sababu ya kuandika zaidi ya hapo. Huyo wa Nairobi kakwambia mwenyewe, yake ilitulia muhula mzima.

Wewe upo Dar, mwezi wa pili, kiyoyozi hakuna. Alfajiri chumba kinashuka kidogo, mchana kinagonga 32, 33. Joto la mpito la jeli yako limeangukia katikati ya siku yako. Inavuka kwenda, inavuka kurudi, kila siku, wala haikuombi ruhusa.

Kama mtu haniamini, afikirie mafuta ya nazi. Yanaganda kwenye nyuzi 24 au 25. Aliyekulia Dar anajua mafuta ya nazi ni kitu cha kumimina. Aliyekulia Njombe anajua ni kitu cha kuchota kwa kijiko. Kopo ni lile lile. Miaka ya nyuma nilipoteza wiki mbili nzima nikitafuta kosa kwenye vipimo vyangu vya mafuta, kumbe vya asubuhi na vya mchana vilikuwa vya vitu viwili tofauti.

Fanya hivi. Chukua kipimajoto, usikitundike ukutani, kizamishe ndani ya bika yenye jeli. Soma saa mbili, soma saa nane. Kisha angalia ile chupa yako ya maji yaliyokenekwa unaiweka wapi. Nikibahatisha, ipo dirishani.

#6 MpishiWaJeli

Shikamoo mama.

Saa mbili asubuhi 27.5. Saa nane mchana 33. Na chupa ipo dirishani, upande wa jua la alasiri. Nilipoishika ilikuwa ya kuogea mtoto.

Mwaka mzima naandika "joto la kawaida la chumba" kwenye daftari. Nimelifungua sasa hivi, nimehesabu mara 61.

#7 MamaMizani

Marahaba. Usiyafute, yapigie mstari uandike saa kando yake. Data zenye saa bado zina manufaa.

#8 MgosiWaLushoto

Wagosi, mimi kinachonisumbua ni huo ukinyume. Uji ukipashwa unakuwa mzito, sawa, lakini ukipoa haurudi kuwa maji na unga. Yai nalo ukishalichemsha ndiyo basi. Sukari inayeyuka vizuri zaidi kwenye moto. Iweje hii ikipata joto ikatae maji, halafu ikipoa isamehe?

#9 FundiPolima

Swali zuri mgosi. Wengi hujibu kwamba "polima inaogopa joto", na jibu hilo halimsaidii mtu. Kinachoendesha mambo hapa ni maji.

Kila kiungo kwenye uzi wa PNIPAM kina sura mbili. Upande mmoja kuna kundi la amaidi, linaloshikana na maji vizuri. Upande wa pili kuna kundi la isopropili, kaboni tatu zenye tabia ya mafuta. Maji hayapati pa kushika pale, kwa hiyo molekuli zake zinalizunguka lile kundi huku zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kwa mpangilio, kama watu wanaopisha msafara. Katika baridi hali hiyo inavumilika, kwa sababu faida inayopatikana upande wa amaidi inalipia gharama. Ukipandisha joto, gharama ya kuyaweka maji kwenye mpangilio inapanda nayo. Inafika mahali ni nafuu zile sehemu za mafuta zikumbatiane na maji yaachiwe yatawanyike. Jeli inanywea. Inageuka nyeupe kwa sababu ndani kumetokea mabonge ya polima na vimifuko vya maji vinavyotawanya mwanga.

Yai halirudi kwa kuwa protini zake zikishafunguka zinashikana ovyo na kufungamana. PNIPAM haina kilichovunjika. Ukiipoza hesabu inageuka, maji yanaingia tena.

Tabia hii kwenye mmumunyo, kabla ya kufungwa kuwa jeli, iliripotiwa na Heskins na Guillet mwaka 1968. Mwaka huo huo Dušek na Patterson walikuwa wametabiri kwa hesabu tu kwamba jeli inaweza kuruka ghafla kutoka kuvimba kwenda kunywea. Kitu chenyewe kikaja kuonekana kwa macho mwaka 1978, pale Toyoichi Tanaka, Mjapani aliyekuwa chuo cha MIT kule Marekani, alipotumia jeli ya poliakrilamaidi kwenye mchanganyiko wa maji na asetoni. Badiliko dogo la joto au la asetoni, ujazo unapungua mara mamia. Mwaka 1984 Hirokawa na Tanaka wakauonyesha mruko huo kwenye jeli ya PNIPAM yenyewe, ndani ya maji matupu, kwa joto peke yake. Huko ndiko ilikotoka kazi ya mleta uzi.

#10 MkulimaWaMwani

Nawasalimu kutoka Paje, Zanzibar. Sisi mwani wetu tunaolima unatolewa karajinani, ile inayogandisha vyakula. Ule wa aina ya kotoni ukichemshwa na kupozwa, hasa ukipata potasiamu, unaganda jeli ngumu. Ukipashwa tena unayeyuka. Kwa hiyo ya kwetu inafuata njia ya kawaida, hii yenu ndiyo imetembea kinyumenyume.

Na kwa kuwa mnazungumzia joto: kotoni yenyewe baharini haistahimili maji yakipata moto, inakufa. Tumebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo bei yake ni ya kuhuzunisha. Samahani nimetoka nje ya mada.

#11 FundiPolima

Hujatoka, mkulima. Mfano wako ndio mzuri kuliko wangu. Kwenye karajinani nyuzi zinashikizana zenyewe kwa vifungo dhaifu, moto unavifungua. Kwenye jeli ya mleta uzi nyuzi zimefungwa mafundo ya kemikali yasiyofunguka kwa moto, ndiyo maana haiyeyuki hata ichemke. Inabakia na mambo mawili tu ya kufanya, kuvimba au kunywea.

#12 MpishiWaJeli

Asanteni. Naomba mnisaidie na kile kinene chenye malengelenge, kwa sababu pale joto nililijua, nyuzi 45, na bado hakikunywea.

#13 MamaMizani

Hapo una mambo mawili yamepandana.

La kwanza ni muda. Tanaka na Fillmore walionyesha mwaka 1979 kwamba muda wa jeli kuvimba unakwenda na kipeo cha pili cha ukubwa wake. Wavu mzima lazima ujongee kupitia maji, na wavu unajongea polepole. Unene ukizidi mara mbili, muda unazidi mara nne. Kama kipande chako cha milimita 2 kinahitaji saa tano kukaribia kutulia, kile cha milimita 8 kinahitaji saa themanini. Wewe ulikipa tatu.

La pili ni ngozi, na hii ndiyo yenye ubaya. Ulipokitosa kwenye nyuzi 45, sehemu ya nje ilipata joto kwanza ikanywea papo hapo. Ikinywea inakuwa tabaka zito lisilopitisha maji. Maji ya ndani yanataka kutoka, mlango umefungwa, shinikizo linapanda, na pale ngozi ilipo dhaifu inainuka lengelenge. Andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto sana unalijua: nje limeiva, ndani bichi. Hiyo ndiyo jeli yako.

Ngozi hii imewasumbua wakubwa pia. Mwaka 1995 kundi la Japani, Yoshida na wenzake, walipandikiza kwenye wavu nyuzi nyingine zilizoshikwa ncha moja tu, ncha ya pili inaning'inia huru, kama meno ya kitana. Zile huru zinanywea haraka na kuuvuta wavu wote kabla ngozi haijafunga. Jeli yao ilitoa maji chini ya dakika 20, wakati ya kawaida ya aina hiyo inaweza kuchukua zaidi ya mwezi. Wewe hauhitaji kufika huko. Kata vipande vyembamba, pandisha joto kidogo kidogo, na usipime mpaka uzito umekuwa ule ule siku mbili mfululizo.

#14 KemiaNaChai

Naongezea moja. Jeli yako ilitoka kwenye kalibu ikiwa angavu au nyeupe? Nauliza kwa sababu sisi tulikatazwa kabisa kuipika bila barafu.

#15 MpishiWaJeli

Nilizopika asubuhi ni angavu. Nilizopika mchana zilitoka kama tui. Nikasema labda ni uchafu, nikaziosha maji siku tano nikibadilisha maji kila siku. Zimepungua weupe kidogo tu.

#16 KemiaNaChai

Basi hizo ziweke kando ndugu yangu, ni jeli nyingine hizo. Mmenyuko wenyewe unatoa joto. Ukianzia nyuzi 32 za mchana, unavuka mpito wakati wavu ndio kwanza unasukwa, nyuzi zinakusanyika mabonge, na mafundo yanafungwa juu ya mabonge hayo. Ukija kuipoza maji yatarudi, lakini vishimo vinabaki. Kuna wanaofanya hivyo kwa makusudi ili jeli iwe na matundu na iitikie haraka, na inafanya kazi kweli. Ila huwezi kuichanganya na zile angavu kwenye jedwali moja ukasema ni sampuli ile ile.

Weka kalibu kwenye maji ya barafu, pitisha nitrojeni kwanza kwa sababu oksijeni inaua mmenyuko, ndiyo utie TEMED, kile kichocheo cha kuharakisha mmenyuko. Na vaa glavu. Monoma hizi, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa polima, si za kushika mkono mtupu, hata kama jeli yenyewe ikishaoshwa ni mpole.

#17 MgosiWaLushoto

Kidogo kidogo naelewa. Sasa swali la mkulima: faida yake ni nini? Maana kitu kinavimba, kinanywea, tumekiona. Halafu?

#18 FundiPolima

Ninayoipenda mimi ni ya Teruo Okano, Tokyo. Ukiotesha seli za mtu kwenye kisahani, zinajishikiza chini. Kuzitoa kwa kawaida unatumia kimeng'enya kinachokata vishikizo, nazo zinatoka moja moja, zimechanika. Yeye na wenzake walipaka kisahani tabaka jembamba mno la PNIPAM. Kwenye nyuzi 37 tabaka limenywea, seli zinashika na kukua. Ukikipoza mpaka 20 hivi, tabaka linakunywa maji, na seli zinaachia zikiwa karatasi moja nzima, zimeshikana kama zilivyokua. Mwaka 2004 madaktari wa Japani waliripoti wagonjwa 4 waliowekewa kwenye jicho karatasi kama hiyo, iliyooteshwa kutoka ngozi laini ya ndani ya mdomo wao wenyewe.

Fikiria, hakuna kisu wala dawa. Unapoza tu.

#19 BabaPacha

Na pampers yangu mmeiruka.

#20 MamaMizani

Hujarukwa baba. Ya pampers ni sodiamu poliakrileti, na haijali joto kiasi cha kukuonyesha kitu. Nguvu yake inatokana na chaji. Wavu wake una chaji hasi, na ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu zilizofungiwa ndani zinayavuta maji kwa nguvu kubwa. Kwenye maji safi inaweza kunywa mara mamia ya uzito wake. Kwenye maji yenye chumvi kama ya mwilini inashuka mpaka makumi tu, kwa sababu nje nako kuna ioni na mvuto unapungua.

Jaribu nyumbani. Chana pampers mpya, kung'uta ile chengachenga kwenye bakuli, mimina maji, subiri igande. Kisha nyunyiza kijiko cha chumvi ukoroge. Utaona mwenyewe.

#21 MkulimaWaVitunguu

Kuna jamaa anauza chembe kama hizo za kuchanganya na udongo, anasema zinatunza maji shambani. Ni utapeli?

#22 MamaMizani

Zipo na zinafanya kazi, ila pima kwa maji ya kisima chako, usipime kwa maji ya chupa ya muuzaji. Kama kisima kina chumvi au chokaa, loweka gramu moja usiku kucha uone inabeba kiasi gani. Chokaa ni mbaya zaidi ya chumvi, kalsiamu inazifunga nyuzi pamoja.

#23 MpishiWaJeli

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadaye.

Beseni letu la maji lenye kidhibiti joto lina foleni ya watu wa mikrobaiolojia, kwa hiyo kwa joto la chini nimeazima kasha la barafu kwa jamaa anayeuza samaki Feri. Maabara ilinuka kibua siku mbili. Lakini ukijaza maji na vipande vichache vya barafu, linakaa ndani ya nusu nyuzi saa nzima, kisha unaongeza. Nililala maabara usiku wa nyuzi 20 na wa 25. Kwa joto la juu nilipewa zamu ya beseni usiku.

Vipande vya milimita 2, vya barafu vyote, angavu vyote. Nyuzi 20, uwiano 18. Nyuzi 25, karibu 16. Nyuzi 30 inashuka mpaka 10. Nyuzi 32 ni 6, na hapo ndipo kipande kinapata ukungu, kama kioo umekihemea. Nyuzi 34 ni 2.5, cheupe pe. Nyuzi 40 haifiki 1. Ile 4 yangu ya mwanzo, ya mchana wa nyuzi 33, nadhani haikuwa hata imetulia, niliikuta njiani.

Msimamizi kaangalia mchoro, kanyamaza, kaniuliza kipimajoto kilikuwa wapi. Nikamwambia ndani ya bika. Akasema "haya".

Mama, kimebaki kimoja. Nikipandisha joto, kwenye nyuzi 32 napata 6. Nikishusha kutoka 40, kwenye 32 ile ile napata 4.

#24 MamaMizani

Umeisubiri siku ngapi ulipokuwa unashusha?

#25 MpishiWaJeli

Moja. Zamu ya beseni iliisha.

#26 MamaMizani

Rudi kwenye foleni.

#27 BabaPacha

Nimenyunyiza chumvi. Jeli yote imekuwa maji maji ndani ya dakika chache, mapacha wamepiga makofi. Mama yao amefungua mlango, kakuta pampers tatu mpya zimechanwa na chumvi ya wiki imekwisha. Naomba mtu aniandikie hayo maelezo ya chaji kwa lugha fupi, nimtumie sasa hivi.